Zana maalumu za misumeno ya moto ya zamani: Pemba tunahitaji seti moja ya pamoja

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo kwa wasomaji wengi litaonekana dogo, lakini kwa sisi mafundi wa mashine ndogo ndogo kisiwani Pemba, na kwa wapasuaji mbao wanaotutegemea, ni kero ya miaka mingi. Jambo lenyewe ni ukosefu wa zana maalumu za kufungulia, kufungia na kupimia injini za misumeno ya moto ya zamani, yaani misumeno ya mnyororo inayoendeshwa kwa injini ya petroli. Nakusudia ile misumeno ya Stihl na Dolmar ya Ujerumani, Husqvarna na Jonsered ya Uswidi, McCulloch na Homelite ya Marekani, iliyotengenezwa miaka ya 1960, 1970 na 1980, ambayo baadhi yake ingali inanguruma mashambani kwetu hadi leo.

Kabla sijaendelea, naomba nisieleweke vibaya na watu wa misitu. Ukataji miti Zanzibar una sheria yake, Sheria ya Usimamizi na Uhifadhi wa Rasilimali za Misitu Namba 10 ya mwaka 1996, na una vibali vyake, na mimi sina hamu ya kumuona mtu akiingia msitu wa Ngezi na msumeno begani. Mashine ninazozisemea tayari zimo mikononi mwa watu, na kazi yake kubwa ni kupasua mwembe uliokauka, mnazi mzee usiozaa tena, au mfenesi ulioangushwa na upepo ukaziba njia. Wajenzi wa vyombo vya baharini nao huzihitaji ili gogo litoke shambani kabla ya tezo kuanza kazi yake. Mashine mbovu haiokoi mti hata mmoja. Humrefushia kazi mwenye kibali na kumzidishia hatari.

Kwa ninayoyaona kwenye meza yangu ya kazi, misumeno mingi ya zamani inayoletwa ikiwa haifai tena imeharibiwa wakati wa kufunguliwa. Uzee wake unakuja nyuma sana. Waliozibuni mashine hizi walitaraji kwamba zitafunguliwa na kufungwa mara nyingi, na kwa sababu hiyo kila sehemu ngumu waliitengenezea kifaa chake cha kuitolea. Mashine zilivuka bahari zikatufikia, ila vile vifaa vilibaki kwenye karakana za huko zilikotoka.

Nichukue mfano wa flaiwili, kwa kuwa ndiyo inayotusumbua zaidi. Misumeno mingi ya zamani hutumia platini katika mfumo wake wa umeme, yaani vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili cheche ipatikane, na platini hizo, pamoja na kondensa yake, zimefichwa nyuma ya flaiwili, lile gurudumu lenye sumaku na mapezi ya kupuliza upepo wa kupoza silinda. Katika hewa yetu ya chumvi, mashine ikiwekwa masika yote bila ya kuwashwa, nyuso za platini hushika utandu, cheche hupotea, na mwenye mashine huja na hukumu yake tayari kwamba koili imekufa. Aghalabu koili ni nzima. Kinachotakiwa ni kuzisafisha nyuso zile na kupima upya uwazi uliopo baina yake kwa fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, uwazi ambao kwa Stihl nyingi za wakati ule ni milimita 0.35 hadi 0.40. Kazi yenyewe ni fupi, hata asubuhi moja haiimalizi. Ugumu uko katika kuzifikia, maana flaiwili imekalia ncha iliyochongoka ya krenkshafti, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, imebanwa kwa nati na kuelekezwa na kabari ndogo ya chuma, na baada ya miaka thelathini au arubaini vyuma hivyo viwili huwa vimeshikana kwelikweli.

Kifaa chake ni pula. Kiwanda kiliweka matundu mawili au matatu yenye nyuzi za skrubu katika flaiwili, au kilichonga uzi mmoja mkubwa katikati yake, ili pula ijifunge hapo na bolti yake ya kati iisukume ncha ya krenkshafti kidogo kidogo mpaka flaiwili iachie. Fundi asiye na pula hupenyeza bisibisi mbili kubwa nyuma ya flaiwili na kubinua, huku mwenzake akiigonga ncha ya krenkshafti kwa nyundo. Mara nyingine inatoka salama, na hapo ndipo penye balaa, kwa sababu fundi huondoka akiamini kwamba amejua njia. Siku nyingine hutoka na pezi lililokatika, na flaiwili iliyopungua pezi haina mizani tena: huitikisa injini nzima na kuzila beringi. Nyundo nayo huitawanya ncha ya krenkshafti hata nati isipite. Zaidi ya hayo, krenkshafti za misumeno mingi zimeundwa kwa vipande vilivyoshindiliwa pamoja kwa nguvu kubwa, na pigo moja baya linatosha kuvipotosha kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Mashine ya namna hiyo huwaka, mwenyewe akafurahi, kisha sili na beringi zikaanza kufa moja baada ya nyingine bila ya mtu kujua sababu.

Upande wa pili wa krenkshafti kuna klachi, na katika misumeno mingi klachi hiyo ina uzi wa kinyume, yaani hufunguka kwa kuzungushwa upande ambao nati za kawaida hukazwa. Asiyelijua hilo huikaza huku akidhani anaifungua, kisha huleta tindo. Hata anayelijua anahitaji kitu cha kuizuia krenkshafti isizunguke pamoja na klachi, na hapo ndipo panapotumika kizuizi cha pistoni, kinachofungwa kwenye tundu la plagi. Hiki hatuna sababu ya kukiagiza ng'ambo. Plagi nyingi za misumeno hii zina uzi wa milimita 14 wenye hatua, yaani umbali wa jino hadi jino la uzi, ya milimita 1.25, kwa hiyo plagi kuukuu ikivunjwa kaure yake na kuchomewa kipande cha bolti kilichosuguliwa ncha ikawa mviringo, kizuizi kimepatikana. Wengine hutumia kamba, wakaiingiza kwenye silinda kupitia tundu la plagi, nayo ni njia nzuri na haikwaruzi kichwa cha pistoni, mradi pistoni iwe imekwisha kupanda na kulifunika tundu la ekzosi, ama sivyo kamba itachungulia humo na kukatwa. Iwe kamba ya nailoni. Kamba ya usumba tuwaachie wavuvi, kwa kuwa humwaga nyuzi ndani ya silinda.

Naomba uniruhusu nirefushe maelezo kidogo katika kifaa kinachofuata, kwa sababu ndicho ambacho kukosekana kwake kunawagharimu watu fedha nyingi zaidi, na ndicho kisichojulikana kabisa hata na baadhi ya mafundi wazoefu. Nacho ni kipimo cha uvujaji wa kasha la injini.

Injini ya mipigo miwili, ambayo ndiyo ya misumeno hii, haina oili yake ya peke yake. Oili huchanganywa na petroli, mililita 20 kwa lita moja ikiwa ni oili maalumu inayoruhusiwa kwa uwiano wa 1 kwa 50, au mililita 40 kwa lita ikiwa ni ya uwiano wa 1 kwa 25, na mchanganyiko huo hupita kwanza chini ya pistoni, ndani ya kasha la krenkshafti, kabla ya kupanda juu kuungua. Kasha hilo lazima lisivuje hata kidogo, kwa kuwa kupanda na kushuka kwa pistoni ndiko kunakovuta na kusukuma mchanganyiko. Sili ya krenkshafti ikikauka, au gasketi ikipasuka, au uso wa kasha ukiwa umekwaruzwa na bisibisi ya yule aliyelibandua kwa nguvu, hewa huingia mahali pasipostahiki. Petroli hupungua ndani ya mchanganyiko, na oili iliyomo katika petroli hupungua nayo. Injini huanza kwenda kasi isiyo ya kawaida, mlio wake hupanda, mwenye mashine hufurahi kwamba leo msumeno umepata nguvu, na baada ya muda mfupi pistoni hukwama ikiwa na michirizi ubavuni.

Sasa angalia kinachofuata. Mwenye mashine hununua pistoni na ringi, pengine na silinda. Fundi hufunga, mashine huwaka vizuri, fedha hulipwa. Kwa vile uvujaji haukutafutwa, pistoni mpya hufa kwa maradhi yale yale yaliyoiua ile ya kwanza, na lawama humwangukia muuza vipuri kwamba ameuza bidhaa bandia. Huenda kweli aliuza bandia, soko letu tunalijua, lakini hata pistoni ya kiwandani isingepona katika injini ile.

Upimaji wenyewe ni kazi nyepesi kwa aliye na vifaa. Tundu la ekzosi na la kabureta huzibwa kwa vibati vyenye mpira, hewa hupulizwa ndani kwa pampu ya mkono mpaka geji isome nusu ya bar, kisha hutazamwa kama mshale utatulia kwa sekunde zisizopungua 20. Ukishuka, maji ya sabuni huonesha panapovuja. Baadaye hufanywa kinyume chake, hewa ikafyonzwa kwa kiasi hicho hicho, kwa sababu sili inaweza kuhimili hewa inayosukuma kutoka ndani na ikashindwa na ile inayovutwa kutoka nje. Fundi asiye na uwezo anaweza kuanza na pampu na geji ya kipimo cha presha cha hospitali kilichokwisha kazi yake. Geji hizo husoma hadi milimita 300 za zebaki, ambazo ni sawa na bar 0.4 hivi, kiasi kinachotosha kuufichua uvujaji mkubwa, na mpira wa tyubu ya baiskeli unafaa kuzibia matundu. Lakini kwa upande wa kufyonza kifaa hicho hakisaidii. Panahitajika pampu ya mkono ya kuvutia hewa yenye geji yake, ya aina wanayotumia mafundi wa magari kutolea hewa katika mfumo wa breki. Mtu akiniuliza atumie fedha zake kwenye zana gani kwanza, nitamwambia anunue hiyo, hata kabla ya pula.

Zana nyingine nitazipitia kwa haraka. Kwa kabureta zenye daiframu, ule utando laini unaovuta petroli, ambazo ndizo zinazouwezesha msumeno kufanya kazi hata ukilazwa ubavu, kuna kibati cha kupimia urefu wa kiwiko kinachofungua sindano ya petroli, na fundi makini anaweza kukikata mwenyewe akiwa na vipimo sahihi. Kwa kurudisha pistoni ndani ya silinda kuna ubao wenye mwanya katikati, unaoikalisha pistoni wima juu ya kasha, pamoja na kibanio cha kubania ringi. Ubao huo seremala yeyote wa Wete atautengeneza. Kwa beringi za krenkshafti, joto ni bora kuliko nyundo: kasha likiwa limesafishwa kabisa petroli na kutolewa sili zake, likapashwa moto kufikia nyuzijoto 150 hivi, beringi huingia mahali pake bila ya ugomvi. Kipimo cha kasi ya injini ni muhimu wakati wa kurekebisha kabureta, kwa kuwa sikio, hata liwe la fundi mkongwe kiasi gani, hudanganywa na ekzosi iliyotoboka.

Lipo pia suala la nyuzi za skrubu, na hili limewatia hasara wengi wanaoagiza zana bila ya kupima. Misumeno ya Ujerumani na Uswidi ina nyuzi za milimita, ile ya Marekani ya zamani ina nyuzi za inchi. Bolti ya robo inchi ina unene wa milimita 6.35, ikitofautiana kidogo tu na ile ya milimita 6, na ikilazimishwa kwenye tundu la milimita 6 itaingia mizunguko michache kisha itazila nyuzi za flaiwili, ambayo kitovu chake ni cha aluminiamu. Duka moja la zana huko Bara lilituuzia pula iliyosemwa kwamba inafaa kwa msumeno wowote, na ilipofika ilikuwa ya uzi wa inchi ilhali mashine iliyokuwa ikisubiri ni ya Kijerumani. Pula inayofaa kwa msumeno wowote haipo, Ndugu Mhariri, na anayeiuza kwa jina hilo ama hajui anachokiuza au anajua vizuri sana.

Swali la zinapatikana wapi ndilo ninaloulizwa kila mara. Ukienda Kariakoo na Gerezani, Dar es Salaam, utapata vipuri vya Stihl 070 kwa urahisi, kwa kuwa mashine hiyo ya sentimita za ujazo 106 inanakiliwa nchini China na kuuzwa katika nchi nyingi. Zana za kuifungua ni adimu hata huko, na zilizopo huwa ni za mashine mpya zenye skrubu za kichwa cha nyota, wakati mashine zetu nyingi zina skrubu za mfereji mmoja au za alenki, zile za tundu la pembe sita. Njia iliyonifaa ni kuanza na kitabu cha ufundi cha mashine husika, kwa sababu vitabu vya viwandani hutaja kila zana maalumu na namba yake; kwa Stihl, nyingi ya namba hizo huanza na 5910. Mwenye namba anaweza kumwandikia muuzaji yeyote duniani bila ya kupoteza maneno. Asiye na namba apime kwa venia, ile rula ya kupimia unene, na kwa geji ya nyuzi, vile vibati vya meno vya kulinganishia uzi, aandike kipenyo cha uzi, hatua yake, na umbali baina ya tundu na tundu, kisha ndipo aagize. Ujerumani, Uswidi na Uingereza kuna karakana za zamani zinazofungwa na kuuza zana zake kwa bei nafuu, na jamaa zetu wanaoishi huko hawangeshindwa kubeba pula, ambayo haizidi ukubwa wa ngumi, wanapokuja nyumbani kwa likizo. Tukumbuke kuwatumia vipimo, wasije wakanunua kwa kukisia.

Najua lipo jibu ambalo limekwisha kutolewa mara nyingi: hizo mashine ni kuukuu, zitupwe, watu wanunue mpya. Jibu hilo lina ukweli wake katika jambo moja, nalo ni usalama. Misumeno mingi ya zamani haina breki ya mnyororo, ambayo ilianza kuenea katika miaka ya 1970, na haina mipira ya kupunguza mtikisiko wa vishikio, mtikisiko ambao kwa miaka mingi huharibu mishipa ya vidole. Fundi anayeirudisha mashine ya namna hiyo kwa mwenyewe ana wajibu wa kumwambia hayo waziwazi, na msumeno wenye nguvu kama 070 sitaki kuuona mikononi mwa kijana anayejifunza. Kwa upande wa fedha, hata hivyo, jibu hilo halisimami. Mpasuaji wa Micheweni anayeambiwa anunue mpya hataleta mashine ya kiwanda kikubwa. Atanunua nakala ya bei rahisi, na nakala hizo zinafika kwangu zikiwa changa na zimekwisha. Mashine ya mwaka 1975 ambayo kasha lake halijapasuka na silinda yake haijachanika inaweza kupewa sili, ringi na daiframu mpya ikafanya kazi miaka mingine mingi, mradi ifunguliwe kwa zana zake.

Kisiwani hapa wapo mafundi wachache wenye pula zao, na hawaziazimi. Siwalaumu. Kifaa kilichoazimwa kikarudi na bolti iliyopinda humkosesha mwenyewe riziki, na fundi jirani ni mshindani pia. Ndiyo maana napendekeza seti moja ya pamoja iwekwe mahali pasipomilikiwa na fundi yeyote, na mahali panaponijia ni kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji, ambacho kiko karibu na Chake Chake na kinafikika kutoka Mkoani na kutoka Wete. Mafundi na wapasuaji tuchange kununua vile visivyoweza kutengenezwa hapa: pampu ya kufyonza na geji zake, geji ya nyuzi, kipimo cha kasi, na zana ya kuvunjia na kufungia mnyororo. Anayehitaji aje na mashine yake, aweke rehani, aandikishwe daftarini, na afanyie kazi hapo hapo au aondoke nazo kwa muda uliokubaliwa. Ada ndogo ya matumizi ilipe zinazovunjika.

Pula zenyewe zikerezwe papo hapo. Kituo chenye mashine ya kukereza chuma na wanafunzi wanaotafuta kazi ya kujifunzia hakikosi uwezo wa kutengeneza sahani nene yenye matundu matatu na bolti ya kati. Sharti moja tu nalisisitiza, bolti ya kati iwe ya chuma kigumu, yenye alama ya 10.9 au 12.9 kichwani, kwa kuwa bolti laini hujikunja au huacha nyuzi zake ndani ya pula siku ya kwanza. Taasisi ya Karume ya Sayansi na Teknolojia iliyoko Mbweni, Unguja, ingeweza kuchora michoro sahihi kutokana na mashine halisi, ili kifaa kitakachokerezwa Vitongoji kifanane na kitakachokerezwa Unguja. Vibati vya kuzibia matundu ya ekzosi na kabureta vikatwe kwa kufuata gasketi za kila aina ya mashine na kugongwa jina lake, maana vikichanganyika havitamfaa mtu.

Ninalo daftari la vipimo vya nyuzi, uwazi wa platini na nafasi ya koili kwa aina za misumeno zilizopita mikononi mwangu, na niko tayari kulitoa linakiliwe bure na kuwekwa pamoja na seti hiyo. Naamini mafundi wenzangu wa Konde, Mtambile na Kengeja wana yao, na yao yatajaza mapengo ya langu. Wakuu wa kituo wakiliridhia wazo hili, ningeshauri kazi ianze na pula za Stihl na Husqvarna, ambazo ndizo mashine tunazoletewa zaidi. McCulloch na Homelite, kwa uchache wake na kwa nyuzi zake za inchi, zinaweza kusubiri awamu ya pili.

Wako,

Fundi wa mashine ndogo ndogo,
Wete, Pemba.